Jibu: Mbona maseneta ni 67 lakini kura zinahesabiwa 47?

Ndugu, swali lako ni zuri, na hata wanaofuatilia Seneti ya Kenya hulikosea. Mswada unaohusu kaunti haupigiwi kura na seneta mmoja mmoja. Kila moja ya kaunti 47 ina ujumbe wake, yaani kundi la maseneta wake, na ujumbe huo una kura moja tu. Anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, baada ya kushauriana na wenzake walioteuliwa ambao wamejiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyo. Ili mswada upite, zinahitajika kaunti 24. Ndiyo maana Lamu ina uzito sawa na Nairobi, jambo ambalo mimi naliona kuwa moyo wa ugatuzi, yaani kugawia kaunti madaraka.

Maseneta wote 67 wanaruhusiwa kuchangia mjadala, hasa mswada unaposomwa mara ya pili. Lakini usingoje hapo. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, mswada huenda kwa kamati, nayo hukusanya maoni ya wananchi. Peleka yako wakati huo, kwa maandishi.

Mabunge mawili, Seneti na Bunge la Taifa, yasipoafikiana kuhusu mswada, huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Ikishindwa kukubaliana ndani ya siku 30, mswada unaanguka.