Baki lina jina lake: kumsaidia mtoto katika mafumbo ya kugawanya

Kwa muda ambao nimekuwa nikiwasaidia watoto wa darasa la nne na la tano hapa Uyole, Mbeya, nimeona kwamba wengi wao hugawanya vizuri, lakini wakifika kwenye mafumbo huandika "3 baki 10" chini ya kila swali bila kujali kilichoulizwa. Kumwongezea mtoto wa namna hiyo hesabu nyingine za kugawanya ni kumchosha bure, maana kugawanya tayari anakujua.

Mimi huanza na mayai. Mama ana mayai 100 ya kupeleka soko la Mwanjelwa, na trei moja hubeba mayai 30. Tukishapata 3 baki 10, humtaka mtoto aniambie: 3 nini, na 10 nini? Wengi hujibu haraka kwamba zote ni trei. Mpe punje 100 za mahindi azipange mafungu ya 30, mpaka aone mwenyewe kwamba 3 ni trei na 10 ni mayai. Hapa usimkimbize hata kidogo, kwa kuwa mtoto aliyelishika jambo hili mengine humjia kwa wepesi.

Kisha badilisha swali, namba ziache zilivyo. Ni trei ngapi zitajaa? 3. Zinahitajika trei ngapi ili mayai yote yafike sokoni? 4, kwa sababu yale 10 nayo yanahitaji pa kukaa. Ni mayai mangapi hayatakuwa kwenye trei zilizojaa? 10. Na ikiwa trei inauzwa shilingi 9,000, mayai yote yatampatia mama kiasi gani? Mayai 10 ni theluthi ya trei, yaani shilingi 3,000, hivyo atapata shilingi 30,000.

Maswali ya usafiri ndiyo huwasumbua zaidi. Wanafunzi 45 wanakwenda Ziwa Ngosi kwa magari yanayobeba watoto 14 kila moja, na jibu la haraka huwa magari 3. Muulize wale 3 waliobaki watapanda nini, halafu mwache aandike sentensi kamili: "Yanahitajika magari 4."

Mtoto akikuletea 2 baki 40 katika yale mayai, usimfutie. Mwambie arudi kwenye punje zake atazame kama zile 40 haziwezi kujaza trei nyingine, kisha ahakikishe: 3 × 30 + 10 = 100.