Katiba ya Kenya ya 2010 haikuwamaliza wakubwa wa zamani

Kuna ndugu yangu hapa anasema ugatuzi, yaani ule mfumo wa kaunti na magavana ulioletwa na katiba hiyo, ulimaliza wale wanasiasa wakubwa wa zamani, hapana bana, walihamia tu viti vipya. Cheki huku kwetu magharibi. Wycliffe Oparanya alikuwa mbunge wa Butere na waziri wa mipango enzi za Rais Kibaki, 2013 akawa gavana wa kwanza wa Kakamega mpaka 2022, na 2024 akarudi tena kwa baraza la mawaziri. Ken Lusaka wa Bungoma naye alitoka ukatibu wa wizara akawa gavana, 2017 akaangushwa lakini hakuenda nyumbani, akawa spika wa seneti, 2022 huyoo gavana tena.

Na hii kitu haikuanza juzi. KADU, chama cha upinzani wakati wa uhuru, ndio walitaka majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake, Moi na Masinde Muliro wakiwa mbele kabisa, 1964 wakavunja chama wakaingia KANU, chama tawala, na kufika 1967 Moi ni makamu wa rais. Kibaki pia, Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kile cha chama kimoja tu, kinafutwa, mwezi huohuo anatoka serikalini anaanzisha chama chake cha DP.

Mtu kama huyo ako na pesa, ako na watu mashinani na anajua bajeti inavyopangwa, sasa kijana mgeni atamshinda aje? Kile kimebadilika kweli, na kwangu ni kikubwa sana, ni kwamba PC, yule mkuu wa mkoa wa zamani, alikuwa anateuliwa na rais na hatukuwa na la kusema, lakini gavana lazima aje Kisumu ama Nakuru aombe kura.