Funika maandishi kwanza: kwa mnaoanza kazi ya mabango ya afya ya uzazi

Wadogo zangu, mtahimizwa sana kuhakiki maandishi. Hakikini, lakini abiria wa daladala hamalizi kuyasoma. Anachoondoka nacho ni nani kasimama mbele na nani kainamisha kichwa.

Mabango ya mwanzo ya UKIMWI yalijaa mafuvu na wagonjwa waliobaki mifupa. Nia ilikuwa kutisha, na watu walitishika kweli, ila pia wakajifunza kupima kwa macho: mnene yuko salama, aliyekonda akwepwe. Somo hilo bado tunalifuta. Anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo anaendelea na maisha yake, na hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Fuvu halina namna ya kusema hivyo. Picha za kufundishia magonjwa ya zinaa nazo hupenda vidonda vilivyokithiri, wakati wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Akiziona, anajihesabu hayumo.

Halafu tazameni lawama inamwangukia nani. Mkichora binti anapokea simu mpya kutoka kwa mtu mzima mwenye gari, kisha mkaandika "jitunze", mzigo wote mmemtwisha binti. Kampeni ya Fataki, iliyovuma Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000, ilimgeuza mwanaume huyo kuwa kichekesho, na watu wa pembeni wakawa ndio wa kumharibia mipango. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya akili, ingawa shida ya binti kukosa nauli ya kwenda shule ilibaki vilevile.

Kenya, mwaka 2013, tangazo la televisheni ambamo mke wa mtu anashauriwa kutumia kondomu anapokutana na mpenzi wake wa nje liliondolewa baada ya viongozi wa dini, Wakristo kwa Waislamu, kulipinga. Jiulizeni kama kelele zingekuwa zilezile angekuwa mume wa mtu. Na mkipeleka kazi kwa wadau, wapeni michoro yenyewe. Muhtasari wa maneno watausaini bila shida, kisha picha ikitoka watashangaa.

Kabla ya kuchapa, funikeni maandishi mwende stendi au sokoni. Wanawake waulizeni mbali na wanaume, la sivyo mtasikia majibu ya wanaume tu. Huyu ni nani? Anaishi wapi? Nani kamletea mwenzake ugonjwa? Wakimnyooshea kidole mwanamke ilhali hamkukusudia kumlaumu mtu, angalieni alivyovaa, mahali mlipomsimamisha, na kama mwanaume mmemkata nusu kwenye fremu. Mara nyingi jibu liko hapo, na kupiga picha upya ni nafuu kuliko kubandua mabango barabarani.