Mdomo Kwanza, Ngoma Baadaye

Kama mdundo wa hesabu ya tano au ya saba unakuponyoka kila ukidhani umeushika, iweke ngoma pembeni kwa muda uanze na mdomo. Mimi ni mpiga ngoma, na hakuna zoezi lililoninyoosha kama konakoli, sanaa ya kutamka midundo katika muziki wa Karnatiki wa India Kusini. Wanafunzi wa mridangamu, ile ngoma yenye nyuso mbili inayolazwa mapajani, hutamka mdundo kabla ya kuupiga. Na konakoli si zoezi la darasani tu. Mabingwa wake huipeleka jukwaani na watu wakaifurahia.

Silabi ni chache. Kundi la tatu ni ta-ki-ta, la nne ni ta-ka-di-mi, la tano ni ta-ka-ta-ki-ta. La saba ni tatu na nne zilizoungana: ta-ki-ta-ta-ka-di-mi. Ukizizoea huhesabu tena, ulimi unajua wenyewe unaishia wapi.

Ila mdomo peke yake hautoshi. Mkono lazima ushike tala, yaani mzunguko wa mapigo. Anza na tala ya Adi, yenye mapigo 8: kofi, gonga kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Usitamke kitu mpaka mkono uende bila kuufikiria. Wengi huiruka hatua hii wakiiona ya kitoto. Kwangu mimi ndiyo somo lenyewe, kwani mkono ukiyumba huwezi kujua mdomo umepotelea wapi.

Sasa kila pigo lipe silabi 4, mzunguko mzima uwe na 32. Tamka ta-ka-ta-ki-ta mara mbili, nyamaza silabi moja. Rudia, nyamaza tena silabi moja. Rudia mara ya mwisho. Kumi mara tatu ni 30, ongeza zile mbili za kimya, na "ta" inayofuata inatua juu ya kofi la kwanza. Njiani mdomo na mkono vitavutana kwelikweli, maana tano nyingi zinaanzia kando ya pigo, na mkono utataka kuufuata mdomo. Usiuruhusu, punguza mwendo. Kuna kituo cha kujikagua: tano ya nne inaangukia sawasawa kwenye kofi la pili. Isipoangukia hapo, simama uanze upya, usijikokote hadi mwisho.

Raha ya kutua pamoja baada ya mvutano huo ni kubwa mno, na wasikilizaji nao huisikia.

Ukishaweza kuitamka bila kusita, ihamishie kwenye ngoma, huku mguu ukishika mapigo badala ya mkono. Kisha jaribu saba. Saba tatu ni 21, kwa hiyo acha silabi 11 zipite kimya, uanze kwenye silabi ya mwisho ya kidole cha pete.