Kwa nini waangalizi wa uchaguzi mmoja walitoa kauli mbili zinazopingana?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimekuwa nikisoma habari za uchaguzi wa rais wa Ukraine wa mwaka 2004. Waangalizi wa OSCE, yaani Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya, waliukosoa vikali, ilhali wale wa Jumuiya ya Mataifa Huru, yaani umoja wa nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, Urusi ikiwa kinara wao, waliusifu, na wote walikuwa nchini humo siku ile ile. Jambo hilo linawezekanaje kitaalamu? Tena, je, waangalizi wana njia yoyote ya kuuona mkono wa nchi ya nje, au kazi yao ni kutazama foleni na masanduku tu? Nauliza kwa sababu hapa Kenya mwaka 2017 tuliwasikia wakisema mambo yamekwenda vizuri, kisha Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na tarehe, kwa sababu ubishi mwingi juu ya uchaguzi ule hutokana na watu kuchanganya duru zake. Duru ya kwanza ilifanyika 31 Oktoba 2004, na hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Duru ya pili, kati ya Viktor Yanukovych, aliyekuwa waziri mkuu, na Viktor Yushchenko wa upinzani, ilifanyika 21 Novemba, na siku tatu baadaye Tume Kuu ya Uchaguzi ikamtangaza Yanukovych mshindi kwa asilimia 49.46 dhidi ya 46.61. Tarehe 3 Desemba Mahakama ya Juu ilibatilisha tangazo hilo na kuamuru duru ya pili irudiwe. Marudio ya 26 Desemba yakampa Yushchenko asilimia 51.99 dhidi ya 44.20. Kauli mbili unazozitaja zilihusu duru ya 21 Novemba.

Kauli za waangalizi hupingana, mara nyingi, si kwa sababu macho yao yameona mambo tofauti, bali kwa sababu hawakutumwa kupima kitu kimoja, kwa kipimo kimoja, kwa muda ule ule. Ofisi ya OSCE inayoshughulikia uchaguzi, yenye makao yake Warsaw, huanza kwa kupeleka kikundi kidogo cha wataalamu wa sheria, siasa, vyombo vya habari na takwimu, pamoja na waangalizi wa muda mrefu wanaosambazwa mikoani wiki kadhaa kabla ya kura. Waangalizi wa muda mfupi, ambao ndio wananchi huwaona kwenye televisheni wakiwa na vizibao vyao, hufika siku chache tu kabla ya upigaji kura. Hutembea wawili wawili, kila jozi ikiwa na raia wa nchi mbili tofauti, na katika kila kituo hujaza fomu yenye maswali yale yale: je, sanduku lilikuwa limefungwa kwa lakiri, je, usiri wa kura ulilindwa, je, wamo watu wasiohusika ndani ya chumba, je, mawakala walipewa nakala ya matokeo. Kipimo chao kikuu ni ahadi ambazo nchi wanachama zilijiwekea mjini Copenhagen mwaka 1990, na Urusi yenyewe ni mwanachama wa shirika hilo, jambo ambalo wanaoiita OSCE chombo cha Magharibi husahau kulitaja.

Ujumbe wa Jumuiya ya Mataifa Huru nao ulikuwa na kipimo chake kilichoandikwa, yaani mkataba wa viwango vya uchaguzi wa kidemokrasia uliosainiwa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, mwaka 2002, na ukiusoma kwenye karatasi hauna ubaya mkubwa. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji. Ujumbe huo uliongozwa na Vladimir Rushailo, katibu mtendaji wa jumuiya hiyo, ambaye kabla ya hapo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Urusi. Na Rais Vladimir Putin, aliyezuru Kyiv siku chache kabla ya duru ya kwanza, alimpongeza Yanukovych tarehe 22 Novemba, kabla tume haijatangaza matokeo rasmi. Mwangalizi ambaye mkubwa wake amekwisha kutuma pongezi hana nafasi ya kuandika ripoti yenye maneno makali, hata kama ana nia njema.

Sasa tuangalie ushahidi wenyewe, maana hapo ndipo tofauti ya mbinu inapoonekana. Ukipiga hesabu, waangalizi zaidi ya 500 wa OSCE wakitembea wawili wawili, na kila jozi ikifika vituo kama 10, watapata vituo 2,500 hivi kati ya vituo takriban 33,000 vilivyokuwa Ukraine. Vituo hivyo havichaguliwi kwa kubahatisha kitakwimu, kwa hiyo sampuli ya namna hiyo haiwezi kukuambia nani ameshinda, wala haijaribu kufanya hivyo. Kazi hiyo hufanywa na ujumlishaji sambamba wa matokeo, yaani kujumlisha matokeo ya vituo kando ya tume, ambao huhitaji vituo vilivyochaguliwa kwa kanuni za takwimu na watu waliokaa humo tangu asubuhi hadi kuhesabu kwisha. Kwa kawaida hufanywa na asasi za ndani, kama ELOG ilivyofanya Kenya, kwa sababu hakuna ujumbe wa kigeni wenye watu wa kutosha.

Linalowezekana kwa ujumbe wa kigeni ni kulinganisha kilichoonekana vituoni na takwimu rasmi za tume. Katika mkoa wa Donetsk, ngome ya Yanukovych, waliojitokeza duru ya kwanza walikuwa takriban asilimia 78. Duru ya pili takwimu rasmi zilipanda hadi zaidi ya asilimia 96, na karibu kura zote zikamwendea yeye. Ongezeko la namna hiyo ndani ya wiki tatu, katika mkoa wenye mamilioni ya wapiga kura, lina maana ya mamia ya maelfu ya kura mpya, na kura hizo zilipaswa kuonekana kama foleni ndefu zisizo za kawaida. Zaidi ya hayo, kulikuwa na matumizi mabaya ya vyeti vinavyomruhusu mtu kupiga kura nje ya kituo chake, ambavyo vilitumika kuwasafirisha watu kwa mabasi kutoka kituo hadi kituo, na ya masanduku ya kupelekwa majumbani kwa wagonjwa na wazee. Mtu aliyetazama mistari na masanduku ya Kyiv kwa saa nne angeweza kurudi hotelini akisema kwa ukweli kabisa kwamba hakuona kasoro. Ndiyo maana ninapoisoma taarifa ya waangalizi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni aya inayoeleza walikuwa wangapi, walifika lini, na walikwenda wapi. Taarifa isiyo na aya hiyo huiweka kando, hata iwe imetolewa na nani.

Kuhusu mkono wa nje, niseme wazi kwamba kituo cha kupigia kura ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuutafutia. Fedha hazivuki mpaka zikiwa zimebebwa ndani ya sanduku la kura. Wanaoweza kuuona ni wale wataalamu wachache wa makao makuu ya ujumbe: anayepima kwa saa na dakika muda ambao kila mgombea alipewa na kila kituo cha televisheni na sauti aliyozungumziwa nayo, anayechunguza sheria ya fedha za kampeni na iwapo inatekelezwa, na waangalizi wa muda mrefu wanaowahoji watumishi wa umma waliotishwa. Mwaka 2004 wapimaji wa vyombo vya habari walionyesha upendeleo mkubwa kwa Yanukovych katika televisheni ya taifa, lakini sehemu kubwa ya upendeleo huo ulitoka kwa mamlaka ya Kyiv yenyewe, si Moscow. Tena haki inataka tukumbuke kwamba lawama za kuingilia zilielekezwa pande zote mbili: upande wa Urusi walitajwa washauri wa kampeni na ziara za rais, na upande wa Marekani zilitajwa fedha zilizopelekwa kwa asasi za kiraia na kwa uchunguzi wa kuwauliza wapiga kura walimchagua nani wanapotoka vituoni. Mwangalizi anayejua kazi yake hutenganisha msaada uliotangazwa hadharani, ambao unaweza kukaguliwa, na msaada uliofichwa, lakini hana mamlaka ya kufungua akaunti ya benki wala kusikiliza simu ya mtu. Anapoandika kwamba kumekuwa na uingiliaji, kwa kawaida anategemea nyaraka za serikali au polisi wa nchi husika, na ni wajibu wake kusema hivyo.

Mfano wa karibuni ni Moldova mwaka 2024, ambako polisi walisema watu zaidi ya 130,000 walitumiwa fedha kutoka Urusi ili kushawishi kura, na ujumbe wa OSCE ukautaja uingiliaji haramu wa nje katika taarifa yake. Hiyo ni hatua kubwa kuliko walivyozoea kwenda, na binafsi naona ilistahili kwa kuwa msingi wake ulielezwa. Romania mwaka huo huo ilikwenda njia nyingine: Mahakama ya Katiba ilibatilisha duru ya kwanza ya urais tarehe 6 Desemba, siku mbili baada ya nyaraka za idara za usalama kuondolewa usiri, bila kusubiri fomu za waangalizi vituoni.

Hilo linanifikisha Kenya. Taarifa za awali za Agosti 2017 zilisifu zaidi upigaji kura na uhesabuji vituoni, na sehemu hiyo kweli ilikwenda kwa utaratibu. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili tarehe 1 Septemba, ilijikita katika usafirishaji na ujumlishaji wa matokeo, fomu 34A (ya matokeo ya kituo) na 34B (ya matokeo ya jimbo), mahali ambapo waangalizi wengi walikuwa hawajafika walipozungumza na vyombo vya habari. Kosa la waangalizi, kwa maoni yangu, lilikuwa haraka na lugha iliyosikika kama hukumu kamili, wakati ripoti zenyewe zilikuwa za awali na zilisema hivyo kwa maandishi. Taarifa ya siku moja au mbili baada ya kura haiwezi kuwa na habari za ujumlishaji ambao haujaisha.

Mwisho, mwangalizi habatilishi chochote. Mahakama ya Juu ya Ukraine haikuamua kwa kunukuu taarifa ya OSCE. Iliamua kwa malalamiko na ushahidi uliowasilishwa na upande wa Yushchenko, na ikaona kwamba tume ilitangaza matokeo bila kushughulikia malalamiko yaliyokuwa mbele yake na kwamba nia halisi ya wapiga kura haikuweza kujulikana kwa matokeo yale. Bunge lilirekebisha sheria tarehe 8 Desemba na kubana vile vyeti vya kupigia kura nje ya kituo, ingawa Mahakama ya Katiba, siku moja kabla ya marudio, ililegeza masharti ya kupigia kura nyumbani. Kwa marudio hayo OSCE iliongeza waangalizi wake hadi zaidi ya 1,300, na safari hii mahudhurio ya Donetsk yakashuka chini sana ya yale ya mwezi mmoja nyuma.