Jibu: RX-8 haiwaki asubuhi na maji ya rejeta yanapungua

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba gari lako, Mazda RX-8, hugoma kuwaka likilala, na maji ya rejeta hupungua ilhali chini hakuna tone. Anza na plagi zote 4, mbili kwa kila rota (kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya injini hii badala ya pistoni): zikinuka petroli tupu, injini imelewa mafuta, zikilowa maji ya kupozea, yanavujia ndani. Kisha chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata plagi zikiwa nje, na utazame ni rota ipi inayotema maji. Fundi akitaja gasketi ya silinda hedi, mkimbie, kwani injini hii haina hedi. Kinachochoka huwa ni sili za maji kandokando ya kasha la rota, ambazo hazibadilishwi bila kuishusha injini na kuifungua yote. Bila kuiona, siwezi kukukadiria gharama.