Kabla hujauza ng'ombe, piga hesabu ya mshahara ulioandikwa kwenye ofa

Jumamosi moja jirani yangu wa Kibosho aliteremka Moshi mjini na bahasha ya kaki kwapani, kijana wake wa mwisho akimfuata nyuma. Tukakaa kwenye kibanda cha mtori karibu na soko la Mbuyuni, akaitoa barua taratibu kama mtu anayefunua mtoto mchanga. Kijana amepata kazi Uingereza: mwendeshaji wa mashine za usafi viwandani, pauni 13 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Viza anadhaminiwa na kampuni, nyumba bure, chakula bure. Chini kuna muhuri wa bluu. Kilichobaki ni milioni tatu na nusu "za kufungua faili", na ng'ombe wa maziwa alishapata mteja.

Walinifuata mimi kwa sababu kazi hiyo naijua. Nina miaka kumi na moja ya kusukuma mashine za kuskrabu sakafu na kushika mashine ya presha ya maji ya moto, miwili kati yake Doha, Qatar. Mtaani wananiita Mkatari. Jina silipendi, ila limeshanata.

Nikachukua simu ya kijana, nikafungua kikokotoo. 13 mara 40 ni 520. Mara wiki 52, inakuja pauni 27,040 kwa mwaka. Mama akasema, "Asante Ruwa," yaani Mungu kwa Kichaga. Ilibidi nimwambie, "Jirani, tulia kwanza. Namba hii hii ndiyo inayosema viza haipo."

Nataka nieleze hapa nilichowaeleza pale, maana wiki haipiti bila mtu kunitumia barua ya namna hiyo.

Watu wengi wanadhani nchi ikishakuwa na kima cha chini cha mshahara, basi ofa ikikifikia au kukivuka hicho mambo yamekwisha. Sivyo. Kuna viwango viwili. Kimoja ni cha nchi, anachopaswa kulipwa mtu yeyote anayefanya kazi kihalali, awe mwenyeji au mgeni. Kingine ni cha viza, ambacho mwajiri lazima akifikie ndipo aruhusiwe kumleta mtu kutoka nje. Cha pili ndicho kinachokuhusu wewe uliyekaa Moshi na pasipoti mkononi, na mara nyingi kiko juu sana kuliko cha kwanza.

Kwa Uingereza, kima cha nchi kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na Aprili 2026 kikawekwa 12.71. Kwa hiyo 13 inapita, na mtapeli anajua inapita. Lakini kiwango cha jumla cha viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni pauni 41,700 kwa mwaka tangu tarehe 22 Julai 2025. Kabla yake kilikuwa 38,700, kuanzia Aprili 2024, na kabla ya hapo 26,200. Tazama tena ile 27,040 ya kijana wetu. Imekaa juu kidogo tu ya 26,200. Nahisi aliyetunga ile barua aliitunga enzi hizo na hajaisasisha, anabadilisha jina la mtu tu. Hilo la kubadilisha jina silisemi hewani: mwenye steshenari mmoja nyuma ya stendi aliwahi kunionyesha barua tatu zinazofanana mpaka nukta, kila moja na jina la mtu wake.

Halafu hata wangeandika pauni 60,000, bado. Uingereza haiangalii mshahara peke yake, inaangalia na aina ya kazi. Kazi za usafi, na za kuendesha mashine za usafi zikiwemo, hazimo kwenye orodha ya kazi zinazoruhusiwa kwa viza hiyo, na hazikuwemo hata kabla. Julai 2025 wakapandisha ngazi zaidi, kazi nyingi zinazokubalika sasa ni za kiwango cha shahada. Siku hiyo hiyo wakafunga pia kuajiri walezi wa wazee kutoka nje ya nchi. Nalisema hili kwa sababu dada zetu wengi wa Majengo na Pasua bado wanachangishwa hela za njia hiyo.

Na ile "nyumba bure, chakula bure"? Haisaidii chochote kwenye hesabu ya viza. Kinachohesabiwa ni mshahara wa uhakika ulioandikwa. Ovataimu haimo, malazi hayamo. Mwajiri hawezi kusema nakulipa kidogo lakini nakulaza vizuri.

Kijana aliniuliza swali la akili sana: "Anko, lakini kampuni yenyewe ipo, nimeiona kwenye orodha ya serikali." Ni kweli. Serikali ya Uingereza inaweka mtandaoni, bure, orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, na jina lilikuwemo. Ila leseni ya kampuni si kibali cha kila kazi, na jina la kampuni halina kufuli, mtu yeyote anaweza kulinakili akalibandika juu ya barua. Kitu kingine: cheti cha udhamini cha Uingereza si karatasi yenye muhuri. Ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, mwajiri anaitoa kwenye mfumo wa serikali. Na tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi mwenye ujuzi gharama ya leseni wala ya hicho cheti. Sasa hiyo milioni tatu na nusu ni ya faili gani?

Kanada mlango upo, ila unahitaji macho. Kule mwajiri anaomba kwanza kibali kinachoitwa LMIA, cha kuonyesha kwamba kumleta mgeni hakuwaumizi wenyeji. Mshahara wa kukuleta si kima cha chini cha mkoa, ni ule unaolipwa kwa kawaida kwa kazi hiyo katika eneo hilo. Tovuti ya serikali yao iitwayo Job Bank inaonyesha: unaandika kazi na mahali, unaona wa chini, wa kati na wa juu. Mkoa wa Ontario kwa mfano kima cha chini ni dola 17.60 za Kanada kwa saa tangu Oktoba 2025. Lakini mstari unaotenganisha kazi za mshahara wa juu na za mshahara wa chini uko dola 36 tangu Juni 2025. Mwendesha mashine ya usafi ataangukia chini ya mstari huo, na hapo ndipo penye utamu ambao mawakala hawausemi. Kwa kazi za mshahara wa chini, sheria inamtaka mwajiri alipe nauli yako ya kwenda na kurudi, na ahakikishe una pa kuishi kwa bei unayoimudu. Ada ya maombi, dola 1,000 kwa kila nafasi, ni yake pia na hawezi kukukata. Kwa hiyo mtu akikuandikia dola 19 Ontario halafu akadai tiketi ni juu yako, amejichoma mwenyewe.

Tena tangu Septemba 2024 maombi ya kundi hilo la chini hayashughulikiwi kwenye miji mikubwa ambayo ukosefu wa ajira umefika asilimia 6 au kuzidi, isipokuwa sekta chache kama afya, ujenzi na usindikaji wa chakula. Ofa ya usafi kwenye jiji kubwa iangalie mara mbili.

Sasa nije Qatar, ambako sihitaji kusimuliwa na mtu.

Niliondoka Oktoba 2021, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia, wakati Doha nzima ilikuwa inasuguliwa. Wakala wa Dar aliniambia mshahara ni riyali 1,800. Nikapiga hesabu kwa shilingi mia sita na thelathini kila riyali, nikapata milioni moja na laki moja na ushee. Huku Moshi nilikuwa napokea laki mbili na themanini kwenye hoteli. Nikakopa kikoba, nikampa wakala milioni moja na laki nane, nikaaga.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, benki ikaingia riyali 1,000. Nikadhani wamekosea. Nikaenda kwa msimamizi, Mnepali mmoja mpole, akanifungulia mkataba wangu mwenyewe ukurasa wa pili. Mshahara wa msingi 1,000. Malazi: yanatolewa na kampuni. Chakula: kinatolewa na kampuni. Na sheria ndivyo inavyosema. Tangu tarehe 20 Machi 2021 kima cha chini cha Qatar ni riyali 1,000 za msingi, 500 za malazi kama mwajiri hakupi pa kulala, na 300 za chakula kama hakulishi. Mimi nilikuwa na kitanda cha juu kwenye kambi na sahani ya wali na dengu mara mbili kwa siku. Hizo ndizo 800 zangu. Kampuni haikuvunja sheria kwa hilo. Aliyenidanganya alikuwa Dar, na aliyekubali kudanganywa alikuwa mimi niliyesaini bila kusoma ukurasa wa pili. Ile milioni na laki nane ndiyo iliyovunja sheria, maana Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Ilinichukua miezi saba kuimaliza, kikoba hakijui riyali wala shilingi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwa nini mshahara wa msingi ni kitu cha kugombania. Ovataimu inahesabiwa juu ya msingi, si juu ya jumla. Chukua 1,000, gawa kwa siku 30, gawa kwa saa 8, ongeza robo: riyali 5 na senti 20 kwa saa. Nikizidisha saa mbili jioni kwenye maegesho ya chini ya ardhi, nimepata kama riyali kumi. Jamaa wa kampuni jirani, mashine ile ile ya kupanda na kuiendesha umekaa, brashi zile zile, alikuwa na msingi wa 1,400. Saa yake moja ya ziada ilikuwa zaidi ya riyali 7. Na siku ya kuondoka kiinua mgongo ni wiki tatu za msingi kwa kila mwaka, basi mimi kwa miaka miwili nikapata riyali 1,400 naye 1,960. Mkataba unaoonyesha jumla kubwa na msingi mdogo usikupumbaze. Posho haikusindikizi mpaka mwisho.

Angalia pia jina la kazi. Mimi nilipelekwa kama mwendesha mashine, kitambulisho kikaandikwa mfanyakazi wa usafi. Kudai nyongeza ya ujuzi kwa kitambulisho kile ilikuwa kazi bure. Ukiwa bado hapa, mwombe mwajiri wako barua inayotaja mashine kwa aina: ya kuskrabu ya kusukuma, ya kupanda, presha ya maji ya moto, ya kunyonya maji. Barua ya "alikuwa mtu wa usafi, ni mwaminifu" haikupi kitu.

Jua la kule sitalielezea sana. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba kazi za nje zinasimamishwa saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, na ukiona msimamizi anakwambia uendelee, ujue anakuonea.

Wengine wataniuliza Dubai na Saudia. Falme za Kiarabu hazina kima cha chini kwa wageni, kila kitu ni mkataba wako. Na ile riyali 4,000 ya Saudia mnayoisikia kwenye magrupu inawahusu raia wao, si wewe. Wakala anayekutajia hiyo kama haki yako ama hajui ama anajua sana. Kabla hujampa hata nauli, uliza Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kama ana leseni.

Kijana alimwandikia yule mtu wake palepale mezani, mtori ukipoa: "Naomba kujua, kiwango cha viza ni 41,700, mbona mshahara wangu ni 27,040?" Jibu likaja kwa sauti: "Mdogo wangu, hayo ya mtandaoni ni ya watu wa kawaida, sisi tuna njia ya ndani." Akauliza tena. Akafungiwa.

Mama hakufurahi. Kwake mimi ndiye niliyefunga mlango, na kwa wiki tatu salamu yake ilikuwa ya juu juu. Ng'ombe hakuuzwa, lakini mteja alikasirika, na hilo nalo nikabebeshwa mimi.

Juzi kijana amekuja mwenyewe, bila mama, na mkataba wa Doha kwenye simu. Siku hizi anashika presha kwenye kituo cha kuoshea magari barabara ya Arusha, mikono imeshaanza kukakamaa. Msingi 1,200. Malazi yanatolewa. Kwenye chakula pameachwa wazi, hapana namba wala neno. Nimemwambia asisaini mpaka pajazwe, nasi tunasubiri jibu.